Amana ya Mkulima Si Dau la Benki

Wazee wa Eldoret wana kisa wanachopenda kuwasimulia wageni. Mwaka 1912, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Shamba Nambari 64, jina ambalo vinywa vya watu vililigeuza kuwa Sisibo, Standard Bank ya Afrika Kusini ilileta sefu yake kwa gari la kukokotwa na ng'ombe. Sefu ikaanguka chini, na kwa uzito wake haikuinuka tena. Basi wakajenga kuta za udongo kuizunguka, na benki ikaanza kazi pale pale sefu ilipolala. Kiwe kweli tupu au kimetiwa chumvi, kisa hiki kinabeba picha ya benki ambayo wengi wetu tungali nayo kichwani: sanduku la chuma, pesa imelala ndani, na mwenye benki amekaa mlangoni na ufunguo.

Pesa ya benki hailali. Hapa mtaani kwetu West Indies, mahindi yakishauzwa, mazungumzo ya jioni huwa ni ya benki gani imetoa riba nzuri, nani amefungua akaunti ya amana ya miezi 6, nani ameamua kununua ploti badala yake. Jirani yangu, mzee aliyelima mahindi maisha yake yote, aliniuliza swali moja msimu uliopita: "Mwalimu, mimi nikiweka pesa yangu pale, wao wanaenda kuifanyia nini?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba wanaikopesha. Baadaye nikaona nimemjibu nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito.

Sheria ya Kenya inataka sehemu ndogo tu ya amana itulie. Tangu Februari 2025, katika kila shilingi 100 benki inatakiwa kuweka shilingi 3 na senti 25 Benki Kuu. Kabla ya hapo ilikuwa 4 na senti 25, na kabla ya Machi 2020 ilikuwa 5 na senti 25. Juu ya hayo, mali zinazoweza kugeuzwa pesa taslimu upesi zisipungue asilimia 20, na humo humo hati za serikali huhesabiwa. Zinazobaki zinatafuta faida. Nyingine zinakopeshwa mwenye lori, mwenye duka la pembejeo, mwalimu anayejenga nyumba. Nyingine zinanunua hatifungani za serikali. Nyingine zinanunua dola. Na hapa ndipo swali la jirani yangu linapokuwa swali la taifa: benki iruhusiwe kwa kiasi gani kuchukua pesa ambazo umma umeahidi kuzifidia, ikazitumia kubahatisha bei ya kitu kwa faida yake yenyewe?

Marekani walilijibu swali hilo kwa sheria mwaka 2010, kisha kuanzia 2018 wakawa wanalilegeza jibu lao mwaka baada ya mwaka. Kenya huliuliza kwa nadra, na likiulizwa huvaa majina mengine: dola imepanda, riba imepanda, benki imefungwa. Naliona ni swali moja.

Nianze na ghala, kwa sababu sisi wa kaunti hii ya Uasin Gishu tunaelewa maghala. Tuseme wakulima 200 wamempelekea mtu mmoja magunia yao awatunzie, kila mmoja na risiti yake. Mwenye ghala anajua hawatakuja wote siku moja. Akimwazima jirani magunia 10 alishe kuku wake, naye ayarudishe na mawili ya ziada baada ya mavuno, hiyo ni kazi inayoeleweka: anamjua mkopaji, amelitazama shamba lake, anaweza kumfuata. Sasa fikiria kwamba mwezi wa Juni, bei ikiwa juu, anauza magunia 100 yasiyo yake kwa kutegemea kwamba mahindi ya kutoka nje yatashuka Mombasa, bei ianguke, ayanunue tena kwa bei rahisi na kubaki na tofauti. Meli ikichelewa, bei ikapanda zaidi, risiti za watu zinabaki karatasi tupu. Hakuiba. Alibahatisha, ila kwa mahindi ya wengine. Ongeza jambo la mwisho: kijiji kizima kilikuwa kimeahidi kwamba ghala likipungukiwa, kitachanga kuwafidia wenye risiti. Kwa ahadi hiyo wakulima waliacha kwenda kuchungulia ghalani, naye mwenye ghala akazidi kuwa jasiri.

Ahadi ya kijiji ndiyo bima ya amana. Kenya iliianzisha baada ya kuungua. Mwaka 1984 ilianguka Rural Urban Credit Finance, na mwaka 1986 zikafuata Continental, Union na nyinginezo. Katikati ya maanguko hayo, Bodi ya Mfuko wa Kulinda Amana ilikuwa imeanzishwa kwa sheria mwaka 1985, na kiwango cha kinga kikawa shilingi 100,000 kwa kila mweka amana. Kiwango hicho hakikubadilika kwa miongo zaidi ya mitatu, huku shilingi ikichakaa mkononi. Sheria ya Bima ya Amana ya 2012 iliunda Shirika la Bima ya Amana, ambalo wengi wanalijua kwa herufi zake KDIC, na tarehe 1 Julai 2020 kinga ikapandishwa hadi shilingi 500,000. Mfuko huo unachangiwa na benki zenyewe. Tangu 2021 mchango hupimwa kwa hatari ya kila benki, hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote, kwani awali benki makini na benki ya pupa zilitozwa kwa kiwango kimoja.

Laki 5 ni nyingi au ni kidogo? Kwa akaunti nyingi nchini zinatosha kabisa, maana akaunti nyingi zina salio dogo. Lakini tufanye hesabu ya hapa. Gunia la kilo 90 likiuzwa kwa shilingi 4,000, magunia 125 yanafikisha laki 5. Shamba likitoa magunia 20 kwa ekari, hizo ni ekari 6 na robo. Mkulima wa ekari 10, ambaye hapa kwetu hakuna anayemwita tajiri, akiuza mavuno yake yote kwa mkupuo na kuweka benki moja huku akisubiri kulipa karo, mbolea na deni la trekta, ana shilingi 300,000 zisizo na kinga yoyote. Na asidhani kufungua akaunti 3 katika benki hiyo hiyo kutamsaidia: zote zinajumlishwa kwa jina lake. Mwanariadha aliyerudi na zawadi ya mbio moja kubwa ya barabarani yuko pabaya zaidi. Kwa hiyo mchezo wa benki unagusa makundi mawili: mfuko wa bima unaowafidia wadogo, na watu wa kati wanaobaki juu ya mstari.

Sasa Marekani. Mwaka 1933, baada ya benki maelfu kuanguka, sheria iliyokuja kuitwa Glass-Steagall ilifanya mambo mawili kwa pamoja: ilianzisha bima ya amana, na ikatenga benki za amana na kazi ya kuuza na kununua hisa na hati za kampuni. Waliotunga sheria ile waliona kwamba mambo hayo mawili ni pacha: umma ukidhamini amana, mwenye benki akubali kufungwa mikono. Pacha mmoja aliondolewa mwaka 1999 utengano ulipofutwa, bima ikabaki. Baada ya msukosuko wa 2008, Paul Volcker, aliyewahi kuongoza benki kuu ya nchi hiyo, alishinikiza kurudishwa kwa sehemu ya utengano, na kanuni iliyobeba jina lake ikaingia katika sheria ya Dodd-Frank ya 2010: benki yenye amana zilizowekewa bima isinunue na kuuza hati au mikataba ya bei kwa akaunti yake yenyewe kwa lengo la faida ya haraka, wala isimiliki mifuko ya kubahatisha. Kanuni kamili zilitoka Desemba 2013.

Ilikuwa na milango ya kutokea. Benki iliruhusiwa kununua na kuuza kwa niaba ya wateja, kuweka akiba ya hati kwa ajili ya wanunuzi watakaokuja, kujikinga na hatari za biashara yake. Pia iliruhusiwa kufanya biashara ya hati za serikali ya Marekani bila kikomo hicho. Msomaji aukumbuke mlango huu wa mwisho, nitaurudia.

Ulegezaji ulikuja kwa awamu. Mwaka 2018 benki zenye mali chini ya dola bilioni 10 zilitolewa katika kanuni hiyo kwa sharti kwamba biashara yao ya kubahatisha ni ndogo. Mwaka 2019 wasimamizi walirahisisha tafsiri ya biashara gani inakatazwa na kupunguza mzigo wa uthibitisho kwa benki. Mwaka 2020 wakafungua zaidi mlango wa mifuko ya uwekezaji. Uingereza nayo, ambayo tangu 2019 inazitaka benki kubwa kuzungushia ukuta amana za watu wa kawaida, ilipandisha mwaka 2025 kiwango cha amana kinacholazimisha ukuta huo kutoka pauni bilioni 25 hadi 35.

Wanaotaka kulegeza wana hoja, na si za kupuuzwa. Wanasema ni vigumu kutofautisha benki inayonunua hati kumhudumia mteja wa kesho na benki inayonunua kwa kubashiri bei. Kitendo ni kile kile, nia ndiyo tofauti, na nia haionekani kwenye vitabu. Mfano ulikuwa benki ya JPMorgan mwaka 2012. Ofisi yake ya London ilipoteza zaidi ya dola bilioni 6 katika mikataba ambayo benki yenyewe ilikuwa imeiweka kwenye fungu la kujikinga na hatari. Wapinzani wa kanuni wanasema tukio hilo linaonyesha kwamba mpaka haueleweki. Mimi nasoma tukio hilo hilo kinyume: kama wataalamu wa benki kubwa kuliko zote Marekani waliita kamari kubwa namna ile kujikinga, basi mlango wa kujikinga unahitaji bawabu.

Turudi nyumbani. Kenya haina kanuni yenye jina la mtu, lakini ina kifungu cha 12 cha Sheria ya Benki, Sura ya 488. Kinakataza benki kufanya biashara ya jumla au rejareja. Kinaizuia kumiliki hisa katika kampuni nyingine kupita robo ya mtaji wake wa msingi. Kinaizuia kununua ardhi isipokuwa ya shughuli zake na makazi ya wafanyakazi wake. Roho ya kifungu hiki ni nzuri na inaeleweka hata kwa asiyesoma sheria: benki ni benki, isiwe duka, isiwe dalali wa mashamba. Miongozo ya Benki Kuu inaongeza mpaka wa fedha za kigeni, yaani pengo kati ya dola inazomiliki benki na dola inazodaiwa lisipite sehemu fulani ya mtaji wake. Mpaka huo ulikuwa asilimia 20. Leo ni asilimia 10, na namna ulivyofika 10 ni simulizi ambayo kila Mkenya anayejali akiba yake anapaswa kuijua.

Mwanzoni mwa 2011 dola moja ilibadilishwa kwa shilingi 80 na kitu. Riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 5.75 mwezi Januari, ikapanda kwa hatua ndogo hadi 6.25 kufikia Juni, ilhali bei za vyakula na mafuta zikikimbia mbele yake. Kukopa shilingi kulikuwa rahisi kuliko kasi ya shilingi kupoteza thamani. Mtu yeyote wa hesabu angeona kinachofuata: chukua shilingi za bei nafuu, nunua dola, kaa nazo, shilingi ianguke, uza. Oktoba 2011 dola ilifika karibu shilingi 107. Mwezi huo huo Benki Kuu ilirusha riba hadi asilimia 11, kisha 16.5 mwezi Novemba, kisha 18 mwezi Desemba, na mpaka wa fedha za kigeni ukapunguzwa kwa nusu. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Adan Keynan ilichunguza kuanguka huko, na mwaka 2012 ikaelekeza kidole kwa benki zilizobahatisha bei ya dola na kwa Benki Kuu iliyoacha dirisha lake la mikopo litumike hivyo.

Nani alilipa? Aliyekuwa na mkopo wa nyumba au wa lori, riba yake ilipopandishwa hadi zaidi ya asilimia 20. Mkulima aliyenunua mbolea ya kupandia iliyoagizwa kwa dola ya 100 na zaidi. Wengi wao walikuwa ndio wenye amana zile zile. Pesa yao ilitumika kuwapandishia bei, na hakuna benki iliyoanguka, wala mfuko wa bima haukuguswa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaopima madhara ya biashara ya kubahatisha kwa kuhesabu benki zilizofungwa pekee.

Tukihesabu zilizofungwa, lazima nikiri jambo linaloisumbua hoja yangu. Benki za Kenya hazijaangushwa na vyumba vya wanunuzi wa hati na dola. Zimeangushwa na wenyewe kujikopesha. Kampuni za fedha za miaka ya 1980 zilianguka kwa mikopo ya wakurugenzi na marafiki wa wakubwa. Benki za mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikiwemo Exchange Bank ya sakata la Goldenberg, zilianguka kwa ufisadi. Dubai Bank, Agosti 2015. Imperial, tarehe 13 Oktoba 2015, wiki chache baada ya mkurugenzi wake mkuu kufariki na udanganyifu wa miaka mingi kufichuka, ilhali benki hiyo ilikuwa imetoka tu kukusanya shilingi bilioni 2 za wawekezaji kwa hatifungani. Chase Bank ya hapa Kenya, tarehe 7 Aprili 2016. Mtu anaweza kusema: kwa nini utusumbue na kubahatisha, wakati ugonjwa wetu ni wizi?

Jibu langu linatoka Chase yenyewe. Mgogoro wa mwisho kati ya benki hiyo na wakaguzi wake wa hesabu ulihusu, pamoja na mengine, mikataba ya musharaka, ule ubia wa kufuata sheria ya Kiislamu ambamo benki na mteja hununua mali pamoja. Majengo na viwanja vilinunuliwa kupitia kampuni zenye uhusiano na wakubwa wa benki. Hapo kukopeshana kwa ndani na kubahatisha bei ya ardhi vilikuwa mlango na fremu yake. Kifungu cha 12 kilikataza benki kuwa dalali wa mashamba. Njia ikapatikana ya kununua mashamba bila kuyaita hivyo. Hili ndilo fundisho ninaloliona kwa kulegeza mipaka popote duniani. Mipaka hulegezwa zaidi kwa kubadilisha jina la kitu kuliko kwa kura ya Bunge.

Waliokuwa na amana Chase walipata nafuu kiasi, kwani ilifunguliwa tarehe 27 Aprili chini ya usimamizi wa benki ya KCB, na mwaka 2018 benki ya SBM ya Mauritius ikachukua robo tatu ya amana zilizokuwa zimezuiwa. Wa Imperial walilipwa vipande vipande, na benki ikaishia kufilisiwa Desemba 2021, miaka 6 baadaye. Anayetaka kujua maana ya kuwa juu ya mstari wa kinga, miaka hiyo 6 inamtosha.

Nilisema nitaurudia mlango wa hati za serikali. Hapa ndipo kwetu palipo na dau kubwa kuliko yote, na hakuna anayeliita dau.

Mwaka 2016 Bunge lilifunga riba za mikopo zisipite pointi 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Nia ilikuwa kumsaidia mkopaji mdogo. Benki zilifanya hesabu nyingine: kama siwezi kumtoza mwenye kibanda zaidi sana ya serikali, na serikali hailazi deni, kwa nini nimkopeshe mwenye kibanda? Pesa zikahamia hatifungani. Kifungo hicho kiliondolewa Novemba 2019, lakini mazoea yalikuwa yameshika mizizi. Kanuni za mtaji zinaisukuma benki huko huko: mkopo wa mwenye kibanda unahesabiwa kuwa na hatari na unataka mtaji wa kuukinga, ilhali hatifungani ya serikali kwa shilingi inahesabiwa kuwa na hatari sifuri.

Sifuri ya kulipwa, sawa. Serikali huweza kukusanya kodi na hatimaye kulipa shilingi zake. Lakini hatari ya bei si sifuri. Chukua hatifungani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka, uliyoinunua kwa shilingi 100. Riba sokoni zikipanda hadi asilimia 17, hakuna atakayeinunua yako kwa 100 wakati mpya inalipa zaidi. Thamani yake inashuka hadi karibu shilingi 77. Sasa tuseme benki ina mali za shilingi 100, kati yake 30 ni hati za namna hiyo, na mtaji wake ni 10. Hasara kwenye hati ni karibu 7. Robo tatu ya mtaji, au pungufu kidogo ya hapo, imeyeyuka bila mkopaji hata mmoja kukataa kulipa. Vitabuni haitaonekana, mradi benki iseme itazishika hati hizo hadi zikomae. Itaonekana siku wateja watakapotaka pesa zao kwa pamoja.

Hilo si jambo la kufikirika. Mapema 2024 hati za siku 91 zililipa zaidi ya asilimia 16, na hatifungani ya miundombinu ya Februari mwaka huo ililipa zaidi ya 18. Kila aliyekuwa ameshika karatasi za asilimia 12 alijua thamani yake mpya. Na Marekani, mwezi Machi 2023, Silicon Valley Bank ilikuwa imekufa kwa ugonjwa huu: ilijaza amana kwenye hati salama za muda mrefu, riba zikapanda, wateja wakaomba dola bilioni 42 kwa siku moja, na kesho yake benki ikafungwa. Hati hizo hazikuguswa na kanuni ya Volcker, iliyouacha wazi mlango wa hati za serikali. Watunga sheria wa Washington, kama wetu wa Nairobi, walikuwa na sababu nzuri ya kuuacha: serikali inahitaji wa kuikopesha. Mwamuzi wa mchezo akiwa ndiye mnufaika wa dau, filimbi yake huwa nzito kupulizwa.

Kwa dola tulijaribiwa tena. Mwaka 2022 na 2023 ilipoadimika, bei ya kaunta ilikuwa juu ya ile iliyotangazwa na Benki Kuu, waagizaji wakalalamika hadharani, na mapato ya benki kutoka biashara ya fedha za kigeni yakapanda sana. Machi 2023 Benki Kuu ilitoa kanuni za maadili za soko hilo. Shilingi ilivuka 160 kwa dola Januari 2024, kisha serikali ilipofanikiwa kukopa ili kulipa sehemu ya deni la Eurobond la 2014, ikarudi hadi karibu 130 katika miezi michache. Aliyekuwa na dola nyingi alikatwa. Mpaka wa asilimia 10 ulizuia mkato huo usifike mfupani, na hii ndiyo hoja yangu yenye nguvu kuliko zote ya kutoulegeza.

Nikubaliane na wanaotaka soko pana zaidi kwa jambo moja. Benki ya Eldoret lazima iwe na dola na euro: kuna wanariadha wanaoleta, kuna wafanyabiashara wanaoagiza vipuri. Lazima pia iwe tayari kununua hatifungani kwa mstaafu anayetaka kuuza kabla ya muda. Bila benki kushika akiba, soko la hati litakuwa kama soko lisilo na mnunuzi siku ya mvua. Hiyo ni huduma. Lakini huduma ina kipimo chake: akiba inayolingana na mahitaji ya wateja, inayoingia na kutoka. Ikikaa, ikikua, ikisubiri bei, imekuwa dau, hata ikiitwa huduma. Na kampuni dada haibadilishi kitu. Makundi makubwa ya benki zetu sasa yana kampuni mama, udalali wa hisa, bima na benki za uwekezaji chini ya paa moja. Hasara ya ndugu mmoja huenda kugonga mlango wa yule mwenye amana.

Neno moja kuhusu sacco, kwa sababu hapa West Indies wengi wanaziamini kuliko benki. KDIC haizikingi. Sheria ya sacco ya 2008 ilitaja mfuko wa kulinda amana zao, na wanachama wamekaa miaka mingi bila kinga hiyo kufanya kazi. Uchunguzi wa hesabu za KUSCCO, chama kikuu ambamo sacco nyingi ziliwekeza, ulifichua upotevu wa zaidi ya shilingi bilioni 13. Hapo pia pesa ya mwanachama ilitoka ghalani bila yeye kujua imekwenda kufanya nini.

Hukumu yangu, basi. Kenya isiige ulegezaji wa Washington wala wa London. Hatuna mfuko mnene kama wao wala wasimamizi wengi kama wao. Sheria ya Desemba 2024 inayotaka mtaji wa benki ufike shilingi bilioni 10 kufikia 2029 itasaidia, lakini mtaji mnene mikononi mwa mbahatishaji humpa tu dau nene. Benki Kuu ibakishe mpaka wa fedha za kigeni pale ulipo. Iweke mpaka wa hasara ya bei kwenye hatifungani kulingana na mtaji, na iache kuziona kuwa na hatari sifuri. Na kinga ya laki 5 ipitiwe kila baada ya miaka michache, isije ikasubiri miongo mingine mitatu.

Wewe msomaji una kazi pia, na haihitaji cheti. Kila baada ya miezi 3 benki hutangaza hesabu zake, magazetini na kwenye tawi. Tafuta mistari minne: hati za serikali, mapato ya biashara ya fedha za kigeni, mikopo kwa wakurugenzi na wafanyakazi, na mtaji wa msingi. Linganisha na robo iliyopita. Mstari mmoja ukiruka ghafla, mwulize meneja wa tawi lako kwa nini. Nimemwandikia jirani yangu mistari hiyo minne kwenye karatasi. Ameikunja na kuiweka ndani ya kitabu chake cha akiba.